Cheti Hakizimi Moto

Jioni ya tarehe 11 Septemba 2012 moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, mtaa wa Baldia, jijini Karachi. Waliokufa walizidi 250. Madirisha yalikuwa na nondo, milango ya dharura ilikuwa imefungwa, na mafundi cherehani waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa Ujerumani hawakuwa na pa kupitia. Wiki chache tu kabla ya siku hiyo, Agosti ya mwaka uleule, kiwanda hicho kilipewa cheti cha SA8000, kinachosifiwa kuwa miongoni mwa vyeti vikali zaidi duniani kuhusu haki na usalama wa mfanyakazi. Kilitolewa na kampuni ya Italia, RINA. Ukaguzi wenyewe uliachiwa wakala wa hukohuko Pakistan.

Ama mkaguzi hakuangalia, ama aliangalia, akaziona nondo, akaandika kwamba mambo ni shwari. Hakuna njia ya tatu.

Mwaka 2020 mahakama ya Karachi iliwahukumu kifo watu wawili kwa kuuwasha moto ule makusudi, na wapo walioikimbilia hukumu hiyo ili wanawe mikono. Siwakubalii. Aliyewasha moto ana dhambi yake, lakini si yeye aliyetia nondo madirishani, wala si yeye aliyeandika kwamba jengo lile ni salama. Cheti kiliombwa, kikalipiwa, kikatolewa, na wanunuzi wa Ulaya wakalala usingizi mnono kwa sababu yake.

Nasema bila kuzunguka: alama, nembo na vyeti hivi vya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, vinavyotolewa na watu wa tatu wanaojiita huru, haviaminiki. Kasoro yake haiko kwenye fomu iliyojazwa vibaya wala kwa mkaguzi mmoja mvivu. Iko kwenye msingi. Vimejengwa ili kumlinda anayenunua na anayewekeza, na yule anayetajwa kwenye kila ukurasa wa ripoti, mfanyakazi au jirani wa mgodi, hana sauti ndani yake.

Nimeanza na Karachi kwa sababu pale maiti zilikuwa nyingi mno kufichika. Kwetu Kenya mambo hufichwa ndani ya majani ya chai.

Kwa miaka mingi chura mdogo wa kijani amekaa kwenye pakiti za chai zinazouzwa Ulaya na Marekani. Ni nembo ya shirika la Rainforest Alliance, na maana yake kwa mnunuzi ni kwamba aliyechuma majani hayo alitendewa haki na msitu haukuharibiwa. Mashamba ya Unilever pale Kericho yalipata cheti hicho mwaka 2007, yakiwa miongoni mwa mashamba ya chai ya kwanza duniani kukipata. Mwaka 2011 watafiti wa shirika la SOMO la Uholanzi waliandika yale ambayo wachuma chai walikuwa wakiyasema siku nyingi: wasimamizi wanaowasumbua wanawake kingono, rushwa ya kupata kibarua, ubaguzi wa kabila. Chura akabaki kwenye pakiti. Februari 2023 BBC ikatangaza uchunguzi wake. Zaidi ya wanawake 70 walisema walidhulumiwa kingono na wakubwa wao wa kazi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Mwanamke mmoja alisema msimamizi wake alimwambukiza virusi vya UKIMWI. Mwandishi aliyejifanya mtafuta kazi alikutana na uovu huo kwenye usaili katika chumba cha hoteli, kabla hata hajaajiriwa.

Kati ya 2011 na 2023 ni miaka 12. Katika muda huo wakaguzi walikuja na makablasha yao, wakatembea mistarini, wakahesabu vyoo na vifaa vya huduma ya kwanza, wakaondoka. Jambo ambalo kila mwanamke wa shambani alilijua, ambalo mwandishi mmoja alilikuta kwenye chumba kile cha hoteli, mfumo mzima wa vyeti haukulikomesha. Na Unilever ilipouza biashara yake ya chai mwaka 2022, iliuza ikiwa na sifa njema.

Mimi nimekulia karibu na chai. Shangazi yangu alichuma kwenye shamba ambalo sitalitaja, na sisi watoto tulijua kwamba wageni wanakuja kwa harufu ya rangi. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Mabomba yaliyokauka tangu Pasaka yalitoa maji. Aproni na glavu zilitoka stoo asubuhi na kurudi stoo gari la wageni likishapita lango. Mwaka mmoja mgeni alisimama mbele ya shangazi, nyapara akiwa hatua nne nyuma yake, akamuuliza kama ana malalamiko yoyote. Akajibu kwamba hana. Jioni alituambia, huku akiosha utomvu wa chai vidoleni, kwamba amesema uongo, na kwamba tutakula kwa sababu amesema uongo.

Uongo ule uliandikwa mahali fulani kuwa ushahidi. Ulijumlishwa na mwingine, ukatiwa muhuri, ukapandishwa meli.

Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tumempa kazi ya kukagua kitanda mgeni anayelala hotelini, aliyealikwa na mwenye kitanda, akalipwa na mwenye kitanda, na siku ya kuja kwake ikajulikana mapema. Kisha tunashangaa kwamba hakuona kunguni.

Hilo la nani analipa ndilo roho ya jambo zima, na sitalipita haraka. Anayetaka cheti ndiye anayemtafuta mkaguzi. Ndiye anayelipa ankara. Mkaguzi mkali akimkatalia, yuko mwingine barabara ya pili atakayekubali, na mwaka ujao mkaguzi mkali hana kazi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tumeijenga biashara nzima juu ya tumaini kwamba mtu atamharibia jina anayemlisha, na tumewapa watu hao kazi ya kulinda roho za wengine.

Tazama Brumadinho, jimbo la Minas Gerais, Brazil. Kampuni ya madini ya Vale ilihitaji hati ya kuonyesha kwamba bwawa la matope ya mgodi wake wa chuma ni imara. Tawi la Brazil la TÜV SÜD, kampuni ya Ujerumani yenye jina kubwa katika ukaguzi, lilitoa hati hiyo mwaka 2018. Tarehe 25 Januari 2019, saa ya chakula cha mchana, bwawa lilibomoka. Matope yalifunika kantini, wafanyakazi wakiwa wanakula. Watu 270 walikufa. Wachunguzi walipofungua barua pepe za wahandisi, walikuta watu walioijua hesabu na kuihofia: bwawa halikuwa likifikia kipimo, na mmoja aliwaandikia wenzake akitabiri kwamba Vale itawabana iwapo watasita kutia sahihi. Sahihi ilitiwa. Januari 2020 waendesha mashtaka wa Brazil waliwashtaki kwa mauaji watu 16, na kampuni zote mbili wakazishtaki kwa makosa ya mazingira.

Wahandisi wale walikuwa wamesoma. Vifaa walikuwa navyo, na hesabu walikuwa nayo mkononi. Walichokosa ni uhuru wa kusema hapana kwa mteja, na uhuru huo hauletwi na semina ya maadili.

Najua nitakachojibiwa. Wataniambia kwamba mawakala wakubwa wanaozipa kampuni alama kuhusu mazingira, jamii na utawala, kama MSCI na Sustainalytics, hulipwa zaidi na wawekezaji, si na kampuni zinazopimwa, na kwa hiyo hawa ni safi. Basi tuwapime kwa kazi yao.

Septemba 2015 faharasa ya uendelevu ya Dow Jones iliitangaza Volkswagen kuwa kinara wa dunia miongoni mwa watengenezaji wa magari. Kampuni ikajisifu hadharani. Siku chache tu baadaye, tarehe 18 ya mwezi huohuo, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilieleza kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka ndani ya magari ya dizeli programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Magari yenye udanganyifu huo yalifikia takriban milioni 11 duniani. Udanganyifu huo haukugunduliwa na waliotoa taji. Uligunduliwa na watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia waliofunga mitambo ya kupimia kwenye magari yenyewe wakayaendesha barabarani. Waliotoa taji walisoma makaratasi ya kampuni. Waliogundua walipima moshi.

Au Boohoo, kampuni ya Uingereza inayouza nguo za bei rahisi mtandaoni. MSCI iliipa AA, daraja la pili kutoka juu kati ya madaraja saba, na mifuko ya uwekezaji inayojiita ya maadili ikanunua hisa zake. Julai 2020 gazeti la Sunday Times likaandika kwamba kwenye kiwanda cha Leicester kilichoshona nguo za kampuni hiyo mfanyakazi alikuwa akilipwa pauni 3.50 kwa saa. Kima cha chini cha kisheria kwa mtu wa miaka 25 na zaidi wakati huo kilikuwa pauni 8.72. Leicester ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa treni kutoka London. Waandishi wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuandika miaka kadhaa kuhusu viwanda vya mji huo. Wakala ambaye hakuona kilicho nje ya dirisha lake Uingereza ataona nini Kericho? Ataona nini kwenye mashimo ya kobalti ya Kolwezi nchini Kongo, ambako mtoto haandikwi kwenye daftari lolote?

Na hapa kuna jambo ambalo wateja wengi wa alama hizi hawajaambiwa waziwazi. Alama ya MSCI haipimi madhara ambayo kampuni inakufanyia wewe. Inapima hatari inayoikabili kampuni: je, mambo ya mazingira na jamii yanaweza kuipunguzia faida mwenye hisa? MSCI wenyewe wanasema hivyo katika maelezo yao. Ndiyo maana mwaka 2021 jarida la Bloomberg Businessweek liliweza kuonyesha kwamba McDonald's ilipandishwa alama baada ya utoaji wake wa hewa ukaa kuondolewa kwenye hesabu, kwa kuwa haukuonekana kuwa tishio kwa kampuni hiyo. Hewa hiyo chafu, kwa mwaka 2019, ilizidi ya nchi nzima ya Ureno. Mkulima anayesubiri mvua isiyokuja hayumo kwenye fomula. Mto ukichafuliwa na hakuna wa kushtaki, hakuna hatari kwa mwenye hisa, na alama inabaki juu. Kadiri waathirika walivyo wanyonge, ndivyo kampuni inavyoonekana salama. Huo ni upofu uliopangwa, na ni aibu kuuita uwajibikaji.

Tena hawa wapimaji hawakubaliani hata wao kwa wao. Florian Berg, Julian Kölbel na Roberto Rigobon walilinganisha alama za mawakala sita na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Kwenye kipimo ambacho 1 ni kukubaliana kabisa na 0 ni kutohusiana kabisa, wastani wao ulikuwa 0.54. Zaidi ya nusu ya tofauti hizo ilitokana na kupima jambo lilelile kwa njia tofauti. Piga picha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Karatasi moja ya mtahiniwa mmoja inapewa walimu sita. Mmoja anaandika A, wa pili C, wa tatu D. Wazazi wangeandamana hadi Wizara ya Elimu kabla jua halijazama. Lakini mabilioni ya fedha, zikiwemo akiba za uzeeni za watu wa kawaida, yanaelekezwa kwa karatasi za namna hiyo, na hakuna anayeandamana.

Hata hivyo kukubaliana peke yake hakungetuokoa. Kabla ya mwaka 2008 mawakala wa kukadiria mikopo walikubaliana vizuri sana. Walikubaliana kuyapa AAA makaratasi ya mikopo ya nyumba za Marekani yaliyokuja kuuangusha uchumi wa dunia, na waliokuwa wakiwalipa ni haohao waliokuwa wakiyauza. Ulaya sasa imetunga sheria ya kuwasimamia watoa alama za mazingira na jamii, inayoanza kutumika Julai 2026. Inadai uwazi na kutenganisha biashara zinazogongana kimaslahi. Haimlazimishi wakala kutumia mbinu fulani ya kupima, wala haimpi mchuma chai kiti mezani.

Kuna watu wema wanaosema: afadhali cheti kibovu kuliko kukosa kabisa. Nimeusikia utetezi huu kwa marafiki ninaowaheshimu, na naukataa. Cheti kibovu kinafanya kazi, ila kazi yake ni kunyamazisha. Mfanyakazi anapolalamika, anaonyeshwa cheti. Mwandishi anapouliza, anatumiwa cheti. Jaji wa London anapewa cheti. Mnunuzi wa Hamburg aliyekuwa na wasiwasi moyoni anaona chura na wasiwasi unamtoka. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha SOAS cha London, baada ya kuwahoji watu zaidi ya elfu moja Ethiopia na Uganda, waliandika kwamba vibarua wa maeneo yenye cheti cha Fairtrade walilipwa kidogo kuliko vibarua wa maeneo mengine yenye mazao yaleyale. Fairtrade walipinga ulinganisho huo. Lakini waliwezaje kulipinga lile la ushirika mmoja wa chai Uganda, ambako watafiti walikuta vyoo vya kisasa vilivyojengwa kwa pesa za ziada za Fairtrade vikitumiwa na wakubwa wa ushirika peke yao? Mnunuzi wa Ulaya aliongeza sarafu zake ili kibarua apate staha. Staha hiyo haikumfikia kibarua.

Usiniambie hakuna njia nyingine. Ipo, na imejaribiwa mahali pabaya kuliko petu.

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka na kuua watu 1,134. Humo pia wakaguzi wa kampuni zenye majina walikuwa wamekwisha kupita. Lakini mwezi uliofuata vyama vya wafanyakazi vilikataa ahadi mpya za hiari na kuzibana kampuni za mitindo zitie sahihi Mkataba wa Usalama wa Moto na Majengo. Zaidi ya kampuni 200 zilisaini. Wahandisi walikagua viwanda zaidi ya 1,600 na ripoti zao, kiwanda kwa kiwanda, ziliwekwa hadharani. Mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia jengo analoliona la hatari. Na mkataba ulikuwa na meno: vyama viliweza kuishtaki kampuni kwenye usuluhishi wa The Hague, na mwaka 2018 kampuni moja ililipa dola milioni 2.3 kumaliza kesi ya namna hiyo.

Mkataba wa Lesotho unanigusa zaidi, kwa sababu unahusu maovu yaleyale ya Kericho. Viwanda vya kampuni ya Nien Hsing vilishona jinzi za Levi's na kampuni nyingine za Marekani. Kampuni hizo zilikuwa na kanuni zao za maadili na wakaguzi wao, na wanawake waliendelea kulazimishwa kulala na wasimamizi ili wasifukuzwe kazi. Uchunguzi wa shirika la Worker Rights Consortium, uliofanywa kwa kuzungumza na wafanyakazi mbali na kiwanda, ulilifichua hilo. Agosti 2019 vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake ya Lesotho vilipata mikataba yenye nguvu ya kisheria. Malalamiko yalipokewa na chombo huru ambacho bosi hakukiamuru. Chombo hicho kiliweza kuagiza msimamizi mkosaji afukuzwe. Wanunuzi walijifunga kupunguza oda iwapo kiwanda kingekataa. Mwanamke aliyekuwa akihojiwa mbele ya nyapara akawa ndiye anayeanzisha kesi.

Tofauti iko hapo. Cheti humuuliza mwajiri kama yeye ni mwema. Mkataba humpa mwajiriwa uwezo wa kumwajibisha asipokuwa mwema.

Sasa biashara hii inakuja kwetu kwa kasi. Tangu Novemba 2021 Soko la Hisa la Nairobi lina mwongozo wa kampuni kuripoti mambo ya mazingira, jamii na utawala, na wauza alama na washauri wa alama wameshaona soko. Wadhamini wa mifuko ya pensheni, mtaletewa majedwali yenye rangi ya kijani. Mkiletewa, ulizeni aliyepima alizungumza na wafanyakazi wangapi, wapi, na nani alikuwa amesimama karibu. Asipokuwa na jibu, msinunue. Pesa mnayoshika ni ya mwalimu na muuguzi, na hawakuwatuma mkanunue usingizi.

Wabunge mnaotoka maeneo ya chai, pelekeni mswada mfupi: hakuna zao la Kenya kutoka bandari ya Mombasa na nembo ya haki za wafanyakazi bila ripoti nzima ya ukaguzi kuwekwa wazi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya shambani, na aliyetia sahihi ripoti ya uongo ashtakiwe na aliyeumia.

Na ninyi viongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambao kila baada ya muda mnaketi na waajiri kujadili asilimia ya nyongeza ya mshahara: safari ijayo, kabla ya kutia sahihi, wekeni mezani mkataba wa Lesotho. Wasomeeni wote, kifungu kwa kifungu. Kisha msitoke chumbani mpaka Kericho ipate wake.